Mgongo wa Mjane

Jumamosi, 15 Machi 2003

Leo nimepiga video ya harusi ya mwenye machimbo ya mawe, na pesa ya mawe huwa na kelele. Bwana harusi alitaka kushuka garini mara tatu, kila mara na miwani tofauti. Bibi harusi alitaka maua yaanguke usoni pake, si maua ya kweli, yale ya kompyuta. Mama yake akanivuta shati.

"Kijana, keki umepiga?"

"Nimepiga, mama."

"Umepiga yote?"

Mwaka mzima nilikaa darasani Nairobi nikifundishwa mwanga na kivuli, nikarudi Kitengela kuulizwa kama keki imeingia yote. Mlangoni nimeweka kibao, Katee Video, Harusi na Mazishi, na wote wanaoingia wanataka kitu kimoja: kujiona. Hawajali wamesimama wapi, mwanga unatoka wapi, nyuma yao kuna nini. Mradi sura iko. Asiyejua maana haambiwi maana, kwa hivyo nawawekea maua yao na mioyo yao inayozunguka, maisha yanaendelea.

Mvua bado. Vumbi limeingia hadi ndani ya kamera.

Jumatatu, 17 Machi

Nilienda Nairobi kununua kaseti nikapitia kwa mwalimu wangu wa zamani. Chuo kimefungwa na yeye anagawa vitu vyake. Amenipa filamu moja ya Ulaya, nyeusi na nyeupe, inayohusu maangamizi ya Wayahudi wakati wa vita vya pili vya dunia. "Usifuate hadithi," akaniambia. "Fuata kamera. Kila mara jiulize imesimama wapi." Ni mtu pekee ninayemjua anayesema jambo linalostahili kuandikwa, na ndiye anayeishi chumba kimoja na paka.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeiangalia. Nimekaa muda mrefu bila kuwasha taa.

Ni familia ya fundi cherehani katika mji mdogo: baba, mama, mabinti wawili, babu. Wanajeshi wanaingia mjini. Wayahudi wanaandikishwa, wanahamishiwa mtaa mmoja uliozungushiwa ukuta, mwisho wanapakiwa kwenye garimoshi. Hata mjinga anajua garimoshi lile linaenda wapi. Lakini aliyepiga filamu hii hakunionyesha maiti hata moja, na bado nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Nimejaribu kuelewa amefanyaje. Ofisa wa Kinazi anayekuja kushonewa koti hana kichwa. Fremu inamkata shingoni kila anapoingia, kwa sababu kamera imewekwa usawa wa meza ya cherehani. Unaona vifungo vinavyong'aa, glovu, mkanda. Huna uso wa kuomba huruma, na fundi pia hana. Halafu kuna milango. Mwanzoni familia inajaza picha nzima, wanakula, wanagombana. Kila wanapozidi kubanwa kamera inarudi nyuma, chumba kimoja, vyumba viwili, mpaka unawaona kupitia mlango ndani ya mlango, kipande kidogo cha mwanga katikati ya giza. Hakuna aliyesema wamefungiwa. Fremu imesema.

Na ile ya stesheni. Watu wanapanda mabehewa, na kamera iko nyuma yao, chini kidogo. Migongo tu. Makoti, skafu, shingo za watoto. Sauti yote imekatwa, hata garimoshi halisikiki. Migongo inaingia gizani mmoja baada ya mwingine na mimi niko pale nyuma siwezi kumwita hata mmoja.

Hii ndiyo kazi. Si keki.

Ruqia wa duka la nguo hapa jirani aliingia katikati, alikimbia manyunyu, akakaa kwenye benchi na leso yake bila kukaribishwa. Ndiye mwenye jengo, kwa hivyo huwa hakaribishwi. Ilipofika stesheni akauliza, "Mbona wamepewa mgongo? Huyu mtu ya kamera anaona haya?"

Nikamwambia hiyo inaitwa sanaa, Mama Yonis.

"Mimi nimeuliza tu, Katee."

Ijumaa, 21 Machi

Mvua imeanza rasmi. Tope.

Jumanne, 25 Machi

Nimeiangalia tena, na Ruqia akaja tena. Alileta chai, sikumfukuza.

Karibu na mwisho filamu inaharibika kidogo. Baada ya stesheni aliyeipiga ameweka watu wote wa mji ule, mmoja mmoja, wameketi mbele ya ukuta mweupe wakiangalia lenzi. Kila mmoja anataja jina lake na kazi yake, basi. Fundi, babu, mabinti, mwoka mikate, mpaka watu ambao tuliwaona mara moja tu wakipita. Hakuna kivuli, hakuna mpangilio wowote. Ni kama foleni ya picha za kitambulisho, na haiishi. Nilichukua rimoti niipeleke mbele.

"Wacha," Ruqia akasema.

Nikaacha. Alimtazama kila mmoja mpaka wa mwisho. Halafu akasema kwamba kwao, kaskazini, akiwa msichana mdogo, wanaume walikusanywa wakapelekwa uwanjani, na baba yake mdogo alikuwa mmoja wao, hakurudi. "Hakuna mtu alipiga picha hata moja. Mimi siku hizi sura yake imenipotea. Nakumbuka kanzu tu."

Nikamimina chai. Nilimhurumia kweli. Lakini alipotoka nilijiambia kwamba ndivyo watu wasiosomea filamu walivyo, unawaonyesha fremu wao wanakumbuka baba mdogo. Zile nyuso ni kosa la mtu aliyechoka. Migongo ndiyo filamu.

Jumamosi, 29 Machi

Harusi nyingine. Nilijaribu kupiga kiapo kupitia mlango wa kanisa, mlango ndani ya mlango. Msimamizi alikuja akanisukuma mpaka mbele. "Unaogopa nini? Ingia!"

Jumatano, 2 Aprili

Machimbo yameporomoka. Mvua ililegeza ukingo usiku, asubuhi wakateremka kama kawaida kwa sababu mwenye machimbo alisema mawe hayalowi. Amekufa mmoja, Maundu, mtu wa Mwala anayekaa huku miaka mingi. Nilimjua kwa sura. Mwenye machimbo ndiye yule aliyefanya harusi juzi. Sasa anasema ni mapenzi ya Mungu, na Mungu hana wakili Kitengela.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeitwa kwenye kamati ya mazishi, nyuma ya hoteli moja ya nyama. Mwenyekiti ni kaka ya marehemu, Kitonga, mtu wa suti ya kahawia anayezungumza kama anasoma habari. Maundu atazikwa Isinya, kwenye kishamba alichonunua kwa Mmaasai mmoja na kujenga nyumba ya mabati. Hapo ndipo alikuwa akiishi na mwanamke wake, Mbeke, na watoto wawili, mkubwa ni Mutindi. Kitonga alinitambulisha kwake hivi: "Huyu ni mama ya watoto." Mbeke alikuwa ameketi kando na mtoto mgongoni. Hakuulizwa kitu.

Wengine wote walisema. Kila mtu aonekane. Shada la maua la chama lionekane. Mwanakamati mmoja alitaka apigwe akishuka kwenye pikapu. Watu hawa wakialikwa peponi watauliza kama kuna mtu wa video. Nilikubali kila kitu, na moyoni nilikuwa nimeshaamua nitafanya nini.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemzika Maundu jinsi mtu anavyopaswa kuzikwa, namaanisha kwenye picha.

Asubuhi mvua ilikuwa imetulia lakini mawingu yalikuwa chini kabisa juu ya mbuga. Udongo mweusi wa Isinya ulishika viatu vya kila mtu. Yule mpiga picha za kuuza, anayewafuata waombolezaji na bahasha zake, hakufika, gari alilopanda lilikwama njiani. Nilishukuru. Nilikuwa peke yangu na mwanga mzuri kuliko wote nilioupata maishani.

Sikupiga nyuso. Nilipiga viatu vyenye tope vikiwa vimepangwa mlangoni. Nilipiga jeneza kupitia dirisha la nyumba ya mabati, watu wakiwa vivuli tu pembeni. Walipoimba nilipiga mikono iliyoshika vitabu. Mwanakamati wa pikapu alijipitisha mbele yangu mara nne, nikamkata shingoni mara nne, kama ofisa.

Kaburini ndipo nilipata picha yenyewe. Mzee Mbaluka, mkubwa wa ukoo wao, aliinua fimbo akasema, "Mke wa marehemu aje atangulie." Watu wakapisha njia. Mbeke akatoka na shali nyeusi kichwani, na mimi nikazunguka upesi nikapiga magoti nyuma yake, kwenye tope. Mgongo wake upande wa kushoto wa fremu, umekatwa juu ya mabega. Mkono umening'inia na udongo ndani yake. Mbele yake shimo, na baada ya shimo mbuga tupu na wingu. Akaachia udongo. Sikutikisa kamera.

Nyuma yangu nilisikia mtu akisema, "Huyu kijana anapiga matako ya watu." Nimemsamehe.

Jumatatu, 14 Aprili

Nahariri. Mvua inapiga mabati mpaka sisikii spika.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekata sauti yote. Hotuba, nyimbo, kilio, Mzee Mbaluka na fimbo yake, zote nje. Kuanzia jeneza linapotoka hadi mwisho ni kimya kabisa. Mwanzoni niliogopa, halafu nikaiangalia. Ni nzuri kiasi kwamba nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Jumamosi, 19 Aprili

Harusi ya Pasaka. Kaseti zangu zilikuwa zimeisha, nikarekodi juu ya ile ya mazishi. Nilichohitaji nimeshakitoa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimewaonyesha ukoo video, sebuleni kwa Kitonga hapa Kitengela. Nilijua hawataelewa. Sikujua watanipigia kelele.

Mwanzo walidhani runinga imeharibika. Mmoja akaenda kuigonga. Nilipowaambia kimya ni makusudi, shangazi mmoja akauliza, "Sasa sisi tuliimba bure?" Wakaanza kujitafuta. Kila kiatu kilichopita walibishana ni cha nani. Mwanakamati wa pikapu alijitambua kwa tai, akasimama akauliza kichwa chake kiko wapi. Mzee Mbaluka, ambaye ndiye aliongoza maziko yale, anaonekana fimbo tu. "Mimi nilienda ama sikuenda?" akaniuliza, na sebule nzima ikacheka. Mbeke hakuwa ameitwa.

Nilikuwa nimeanza kufungasha waya nilipomsikia Kitonga. Hakuwa amecheka hata mara moja. Alikuwa ameegemea kiti, mikono kifuani, akiitazama ile picha ya kaburini ambayo nilikuwa nimeikwamisha kwa rimoti. Alisema irudishwe. Akaitazama tena.

"Huyu hapa ni nani?"

Nikamwambia ni Mbeke.

"Lakini haonekani."

"Ndiyo maana yake, mzee. Anakuwa mjane yeyote."

Alitikisa kichwa polepole. "Kazi safi sana. Hawa wengine hawajui kitu. Wewe ni msanii." Akaagiza kopi za wazee wote wa ukoo.

Kumbe hata Kitengela kuna mtu mmoja mwenye macho. Nimerudi nikitembea katikati ya madimbwi bila kuyaona.

Jumatano, 30 Aprili

Kopi za Kitonga zimekamilika. Nimeandika jina langu kwenye kila jalada, herufi kubwa.

Jumanne, 13 Mei

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii nimeisikia tangu darasa la tatu na sikuwahi kudhani mimi ndiye mgema.

Mbeke alikuja studio leo, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Niliposikia hodi nilidhani amekuja kulalamika kama wengine. Alisimama mlangoni mpaka Ruqia, aliyekuwa kwenye benchi, akamwambia aketi.

"Kitonga amesema nitoke kwa shamba," akasema. "Anasema mimi si bibi ya Maundu. Eti mbuzi za ntheo hazikupelekwa kwetu."

Ni kweli kwamba kwetu Ukambani mbuzi hao wakishapelekwa kwa kina msichana ndipo huyo ni mke wa mtu. Maundu alikuwa bado anasema mwaka ujao. Wazee wa ukoo watakaa mwisho wa mwezi waseme kama ukoo unamtambua, na watakalosema ndilo chifu ataandika kwenye barua ya urithi.

"Lakini kwa kaburi waliniita," Mbeke akasema. "Mzee Mbaluka aliniita mke mbele ya watu, nikatangulia na mchanga. Huwezi kuitwa hivyo kama hujatambuliwa. Sasa yeye anasema hakumbuki. Anasema aliita watu wote. Pasta naye anasema yeye kazi yake ni kuzika, si kuandikisha ndoa. Mmaasai aliyetuuzia shamba amekubali kunisemea, wakamwambia yeye si wa ukoo. Nikakumbuka video iko."

Niliiweka kwenye deki. Sikuwa na la kufanya ila kuiweka. Fimbo ikainuka bila neno. Watu wakapisha njia, yaani viatu vyao. Halafu mgongo, shali, mkono, udongo, wingu.

Aliangalia mpaka ikaisha.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe, Mama Mutindi."

"Na mahali Mzee Mbaluka ananiita?"

Nikamwambia sauti niliitoa. Akaniuliza kama naweza kuirudisha. Nikamwambia kaseti ile ina harusi sasa. Ruqia alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilichoganda kwenye soli ya kiatu.

"Uliitoa kwa nini?" Mbeke akauliza. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilianza kueleza kuhusu kimya. Nilisikia maneno yangu yakitoka, maneno ya yule msanii wa Kitonga, nikakatiza nikatoa kaseti kwenye deki.

Jumatano, 14 Mei

Nimeirudia ile filamu tangu mwanzo. Safari hii sikutafuta picha nzuri. Niliufuata kila mmoja wa ile migongo ya stesheni kurudi nyuma, nijue ni wa nani.

Wote nimewahi kuwaona. Hiyo ndiyo siri yake, na ilikuwa wazi mbele yangu kama ng'ombe barabarani. Binti mdogo ana skafu ambayo mama yake alimfunga tukiwa karibu naye kabisa, usoni, akilalamika inambana. Babu ana kiraka begani ambacho tulimwona akikishona huku akiimba. Kwa muda mrefu kamera haina kazi nyingine ila kukaa na nyuso zao, mpaka unawajua. Ndiyo maana inapohamia nyuma yao unaumia, kwa sababu kuna kitu umenyang'anywa. Na baada ya stesheni anawarudisha wote, mbele ya ukuta mweupe, jina na kazi, kwa sababu waliowapakia garimoshini walitaka wabaki migongo. Zile nyuso nilizozidharau ndizo zilizokuwa zinalipa deni la ile migongo niliyoipenda. Ofisa ndiye aliyekatwa kichwa. Fundi hakukatwa.

Mimi nilichukua kipande kimoja cha mtu aliyejua anachofanya, nikakibandika kwenye kaburi la Isinya kwa sababu ni kizuri. Mwanamke ambaye hakuna aliyemjua, sikumpa uso hata mara moja, nikajipongeza kwa kumpa wingu. Yule mama wa keki angenifaa kuliko mwalimu. Angeniuliza, umepiga yote?

Jumapili, 18 Mei

Nimemfuata Mzee Mbaluka baada ya kanisa. Anasikia vizuri sana isipokuwa pale unapotaja kaburi.

Jumatatu, 26 Mei

Nilimwendea Kitonga nimwambie nitasema mbele ya wazee nilichosikia. Alinikaribisha vizuri. "Njoo useme, kijana. Na uje na runinga yako, ile yangu ni ndogo." Nimemchukia mpaka meno yananiuma.

Jumamosi, 31 Mei

Wazee walikaa leo, chini ya turubai uani kwa Kitonga, mvua ikipiga juu. Niliambiwa niketi kando ya runinga na rimoti, mahali pazuri kuliko pa mtu yeyote. Nililetewa soda. Mbeke aliwekwa kwenye stuli karibu na lango, ambako turubai lilikuwa linavuja.

Kitonga alizungumza kwanza, habari zake zote, mbuzi, desturi, jina la ukoo. Akasema kwamba mama ya watoto anadai alitambuliwa kaburini, na kwa bahati nzuri kuna video. Akanigeukia. "Weka."

Nilisimama nikasema kabla ya kuweka chochote. Nikasema mimi ndiye nilishika kamera, nilimsikia Mzee Mbaluka akisema mke wa marehemu atangulie, na aliyetoka ni Mbeke huyu hapa. Nilisema vizuri, bila kigugumizi. Mzee Mbaluka alikuwa anachunguza mpini wa fimbo.

"Asante," Kitonga akasema. "Lakini kijana, wewe kazi yako ni picha. Kama uliona jambo kubwa namna hiyo, si ungelipiga?" Wazee wakacheka. Angesema uongo ningemshinda.

Nikaweka. Ilipofika kaburini akaniambia nikwamishe.

"Huyo ni nani?" mzee mmoja akauliza.

"Ni mimi," Mbeke akasema kutoka langoni.

"Sasa tutajuaje? Watu wenye shali walikuwa wengi."

Wakanong'onezana. Ndipo huyo mzee, na nadhani alijiona mtu wa haki, akasema basi tulinganishe. Mbeke aje asimame karibu na runinga, atupe mgongo.

Alikuja. Alivuka ua kwenye mvua, akasimama kando ya runinga yangu, akageuka. Wazee wakasogeza viti. Mmoja akavaa miwani. Wakatazama mgongo wa kwenye kioo, wakatazama mgongo wake. Wakamwambia ainue bega kidogo. Akainua. Wakamwambia ateremshe mkono kama ule. Akateremsha. Mtu mmoja akasema huyu ni mnene kuliko yule, mwingine akasema shali huongeza mwili. Haya yote yalisemwa kwa upole, kama watu wanaochagua mbuzi sokoni, na mimi nilikuwa nimeketi upande wao na soda mkononi.

"Zima hii kitu," nikasema, kana kwamba rimoti ilikuwa kwa mtu mwingine. Nikazima. Hawakujali, walikuwa wameshamaliza.

"Migongo yote ni sawa," Kitonga akasema.

Wakaamua kwamba hakuna ushahidi ukoo ulimtambua. Shamba litakaa chini ya Kitonga kwa niaba ya watoto, na mama ya watoto apewe nafasi mvua ikatike ndipo ahame. Wakafunga kwa maombi. Niliibeba runinga peke yangu mpaka barabarani na hakuna aliyenisaidia, na kama angenisaidia mtu ningemtukana.

Jumatatu, 2 Juni

Sijafungua studio.

Jumanne, 10 Juni

Ruqia amemtafutia Mbeke chumba Embulbul kwa jamaa yake, na kazi ya kuuza nguo. Hakuniambia. Nilisikia anaongea na simu. Nilipomuuliza kama naweza kusaidia kuhamisha vitu alisema gari limeshapatikana.

Jumamosi, 14 Juni

Leo Mbeke alipita kuaga. Mvua imekatika, vitu vyake viko kwenye pikapu nje kwa Ruqia, watoto wamekaa juu ya godoro. Nilidhani ameingia kunilaumu na nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa.

"Niwekee hiyo video mara moja," akasema.

Nikamwambia hana haja ya kujitesa. Akasema nimwekee tu. Nikaweka. Hakuketi. Aliisogelea runinga mpaka karibu kuigusa, na ilipofika kaburini akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayejaribu kuchungulia nyuma ya mlango, aone mbele ya yule mwanamke kuna nini. Ikaisha.

"Hiyo maneno ya shamba wacha," akasema. "Ilienda. Lakini hiyo siku mimi sikumbuki kitu, Katee. Nakumbuka asubuhi nikitafuta viatu za mtoto, halafu nakumbuka usiku watu wamelala kwa nyumba. Hapo katikati hakuna. Sasa kuna mtu amemwambia Mutindi eti sikulia babake. Ameniuliza jana. Nikashindwa kumjibu, kwa sababu mimi mwenyewe sijui."

Nje mtoto alikuwa anamwita. Hakugeuka.

"Nilifikiria kwa video nitaona. Lakini wewe ulikuwa hapo, tena karibu kushinda mtu yeyote. Nililia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lilikuwa neno fupi na lingemtosha, na angelibeba mpaka Embulbul akampa mtoto wake. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na huyu mwanamke ameshadanganywa na kila mtu aliyesimama kwenye kaburi lile.

"Sijui, Mama Mutindi," nikamwambia. "Nilikuwa nyuma yako."